Kwa Fundi Viatu Wetu, Aliyegonga Nyundo Wenzake Wakizungumza

Mwaka umetimia, Baba Watoto, tangu uvue miwani, uiweke juu ya meza ya kazi, ukaniambia unajilaza kidogo. Kidogo chenyewe ndicho hiki. Miwani bado ipo pale pale. Binti yetu mkubwa anataka karakana yako ya chumba cha mbele aifanye stoo, nami nimemwambia angoje kwanza nife.

Nyumba imekuwa kimya mpaka inanikera. Miaka yote nilikugombeza kwa ile nyundo yako, eti inanipasua kichwa, na sasa nikiamka nasikia friji tu. Chai bado napika ya watu wawili. Ya pili nainywa mwenyewe, imeshapoa.

Ulikuwa mtu wa huruma, ingawa ulijitia ukali. Mtu akileta kiatu kilichokwisha kabisa, utamsema weee, kisha utakishona vizuri kuliko kilivyotoka dukani. Hukuwa na maneno mengi ya mapenzi, lakini soli za viatu vyangu hazikuwahi kulika. Ulizibadilisha bila kuniambia.

Ulikuja nchi hii kijana, na sanduku moja la vifaa. Ukaoa hapa, ukazaa hapa, na bado mtaa mzima ukakuita Mgeni. Ulicheka nao. Mimi niliyelala na wewe nilijua kwamba jina lile lilikuuma.

Wasiojua na wajue. Tulipokuwa tunadai uhuru, mikutano ikapigwa marufuku na ukumbi wa chama ukatiwa kufuli, wewe ndiye uliyewaambia wanachama wakutane kwako, mchana kweupe, kila mmoja na kiatu mkononi kama mteja. Mwalimu wa shule ya jirani alileta kile kile cha kushoto mpaka soli ikawa nene kama tofali. Wao walikaa nyuma ya pazia. Wewe ulikaa mlangoni, umewapa mgongo, unagonga ili sauti zao zisifike barabarani. Ukimwona askari, unaacha kugonga, nao wananyamaza. Nilikuwa nakuuliza, "Leo wamesema nini?" Unanijibu, "Nitajuaje, na mimi nilikuwa nagonga?"

Wangekukamata, wangekufukuza nchini, na mimi nina mimba ya kwanza. Nilikwambia hayo kwa hasira. Ukasema tu, "Mwanangu atazaliwa hapa. Nataka azaliwe mahali pake."

Tukapata uhuru. Kila mwaka, siku ya sherehe, redio ilitangaza kwamba wanachama wote wa wakati ule wafike ukumbini. Wewe unang'arisha viatu vyako, unavivaa, unakaa kwenye kiti cha mlangoni kungoja mtu aje akwambie twende. Nikikuhimiza uende, unasema, "Wameita wanachama. Mimi nani kaniandika?" Jioni unavivua, unavirudisha kabatini. Roho iliniuma kukutazama.

Mwaka huu siku hiyo nilikuwa peke yangu, na ukimya ukanishinda. Nikaingia karakana, nikachukua nyundo, nikagonga ovyo kile chuma chako cha kuvalishia viatu. Mara namwona Mwalimu mlangoni na mkongojo wake, anahema, kaifuata sauti ya nyundo. Kati ya wale wote amebaki yeye tu. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, machozi yanamtoka, hata hakuyafuta.

Nilikuwa na donge la siku nyingi, nikalitoa. "Kwa nini hamkuja kumwita hata mara moja?"

"Kumwita vipi, shemeji? Mwanachama hafuatwi nyumbani, anakuja mwenyewe. Tulidhani ametuchoka."

"Mwanachama tangu lini?"

Akanieleza. Tangu mkutano wa pili. Walinyoosha mikono wote nyuma ya pazia lile, bila hata mmoja kupinga, kwamba wewe ni mwenzao kama mwingine yeyote. Kisha wakaendelea na mambo mengine.

"Hakuna aliyekwenda kumwambia," alisema Mwalimu. "Si alikuwa mle mle ndani? Kila mtu alijua kasikia."

Hukusikia, mume wangu. Ulikuwa unawagongea.

Nilikuja kaburini nikakwambia, nikarudi nyumbani nikaona haitoshi, kwa sababu waliokuita Mgeni hawakuwapo. Ndiyo maana jambo hili nimeliandika hapa gazetini, wakiwa wanasoma. Viatu vyako vya sherehe nimeving'arisha, na safari hii sikuvirudisha kabatini.

Unakumbukwa na mimi mkeo, ambaye kelele zako nazitamani. Binti zetu wawili na waume zao. Kijana wetu aliye ughaibuni, ambaye sasa huko naye anaitwa mgeni. Wajukuu wako wanaogombania nyundo. Na Mwalimu, kwa niaba ya wanachama wenzako wote.

Tutakukumbuka daima, na tutakusema kwa sauti.