Ua Lililoachwa Wazi

Tashkent, 2 Februari

Mama, shikamoo. Hujambo wewe, na mdogo wangu Nafosat hajambo? Mgongo vipi? Mimi mzima wa mwili, ila kichwa hakitulii.

Ni duka letu la mtandaoni, Mama. Watu wanaingia kama zamani, hata zaidi. Wanatazama suzani zako, vitambaa ulivyovitarizi kwa mkono, wanatia kikapuni, halafu wanatoweka. Mwaka jana katika kila watu mia, wanne walinunua. Sasa hata mmoja simpati. Nimeshusha bei. Nimejitwika gharama ya posta. Wapi! Na kamera niliyonunua vuli iliyopita ni kali, unaona mpaka msokoto wa uzi. Sasa wanakimbia nini?

Rafiki yangu Baxrom ananiita Moscow, kuna kazi ya ujenzi. Mambo yakiwa hivi hadi sikukuu ya Navruzi mwezi ujao, nitaondoka.

Mwanao, Javlon

Nurata, 5 Februari

Javlon mwanangu, marahaba. Sisi wazima, Mungu ashukuriwe. Mgongo ni uleule, niachie mwenyewe.

Mtu akitoka dukani mikono mitupu, ama bei imemshinda, ama bidhaa haikumkaa moyoni, ama uso wa muuzaji umemfukuza. Uso wako siutetei, ukinuna unafanana na kondoo aliyelowa mvua! Basi shukuru Mungu wateja hawakuoni. Kula vizuri, fikiri taratibu.

Lakini hiyo Moscow usinitajie tena. Baba yako alisema anakwenda msimu mmoja. Leo ana mke huko, na sisi tunasikia sauti yake Idi kwa Idi. Ukienda na wewe, nitamtarizia nani?

Mama yako

Tashkent, 16 Februari

Mama, shikamoo. Natumaini mko salama.

Nimeipata! Duka linanionyesha mtu amefika wapi na amekomea wapi. Wote wanavuta picha ikue, wanateremka hadi pembeni, wanatoka. Tena mama mmoja Mjerumani ameniandikia: "Mbona unauza kitu kibovu kwa bei ya kizima?" Ni lile ua, Mama. Lile unaloliacha bila kulijaza. Simu yangu ya zamani ililificha kwa ukungu wake, kamera mpya imelianika.

Nakuomba, yafunge hayo maua, yajaze uzi. Ni ua moja tu kila kitambaa, kazi ya kikombe kimoja cha chai. Ukiyafunga, siendi popote.

Mwanao, Javlon

Nurata, 18 Februari

Javlon, salaam. Wazima.

Sifungi. Ua huachwa wazi ili maisha ya nyumba yaendelee. Bibi yangu aliacha, mama yangu aliacha. Suzani ya harusi yangu tu ndiyo iliyofungwa. Bibi yako, mama wa baba yako, aliona ni uchafu, akachukua sindano akalijaza mwenyewe. Haya, baba yako yuko wapi? Unaniomba nikufungie mlango ili usitoke, kumbe kufunga huko ndiko kulikomtoa baba yako.

Mama yako

Tashkent, 1 Machi

Mama, shikamoo. Hukujibu salamu zangu mbili. Umekasirika?

Basi nikwambie kabla hujasikia kwa watu. Zile zilizokuwa kwangu nimempelekea Gulchehra, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, amezifunga. Zimenunuliwa karibu zote, Mama! Baxrom nimemwambia asinikatie tiketi. Si ndicho ulichotaka? Furahi basi. Nitumie nyingine, rafu iko tupu.

Mwanao, Javlon

Tashkent, 12 Machi

Mama, shikamoo.

Nafosat anasema umefunga sanduku na ufunguo unalala nao. Duka halina kitu. Wanaingia, wanakuta pengo, wanatoka. Baxrom amepiga tena. Sili, sikai, natembea chumbani hadi jirani anagonga ukuta. Nitukane basi, lakini usininyamazie hivi.

Javlon

Nurata, 18 Machi

Javlon wangu, marahaba. Sijambo. Nimelia, nimemaliza.

Kifurushi umekipata kwa dereva? Suzani zote zilizokuwa sandukuni nimezifunga kwa mkono wangu. Kama kuna balaa, linijue mimi, si sindano ya mtu baki. Yule fundi wako, Nafosat amenionyesha picha, anavuta uzi kama anashona gunia! Asiguse tena kazi yangu.

Ile nyekundu iliyo chini kabisa si ya kuuza. Ni yako, nilianza kuitarizi ulipozaliwa. Ua lake liko wazi na sindano bado imo. Ole wako ukilifunga.

Mwanangu, wewe unahesabu wanaoingia dukani na wanaotoka. Mimi tangu baba yako, nahesabu wanaotoka tu. Keshokutwa usiku tunapika sumalak ya Navruzi, uji ule wa ngano wa kukoroga hadi alfajiri. Nafosat mikono yake haitoshi kukoroga sufuria ile, na mgongo wangu, haya nakiri, unauma. Sikuiti kwa ajili ya sufuria.

Mama yako

Njiani, 20 Machi

Mama, shikamoo. Tumeshapita Jizzakh, jioni nitakuwa mlangoni. Duka nimeliachia lijitazame lenyewe. Ile suzani nyekundu nimejifunika magotini, maana dereva ameng'ang'ania kufungua dirisha.

Mzee wa kiti cha pili ameitazama weee, halafu akanigusa bega: "Kijana, wamekupunja. Kitambaa chako hakijakwisha."

Nikamwambia, "Najua, baba. Ndiyo maana narudi nyumbani."

Mwanao, Javlon