Bakuli la Kifuniko cha Buluu

Jumatatu, 3 Februari

Tumerudi kliniki. Miguu inaniwaka moto. Mzee ana mafuta kwenye damu. Kolesteroli, daktari kasema, akarudia na kurudia kama anafundisha kasuku. Mafuta kwenye damu! Kwani mume wangu ni karai?

Daktari mwenyewe kijana, kidevu hakijaota sawasawa. Anasema mishipa inaziba kidogo kidogo kama bomba la sinki, ndiyo maana Mzee akipanda ngazi kifua kinambana. Dawa hajampa. Kwanza chakula. Vya kukaanga basi, samli basi, ngozi ya kuku basi, nyama ya mafuta basi. Ale maharage, mboga, matunda, uji wa shayiri, samaki wa kuchemsha. Miezi mitatu, halafu wapime tena. Kisha akauliza nyumbani anapika nani. Akanigeuzia macho! Kama polisi anayeuliza nani kavunja dirisha.

Napika mimi. Nani mwingine? Nimekaanga viazi na samaki kantini ya kiwanda mpaka nikastaafu, foleni inafika getini. Mzee mwenyewe alinipata kwenye foleni hiyo. Alikuwa fundi saa, kila mara anakuja kutengeneza saa ya kiwanda. Saa ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa tumbo lake.

Kwenye benchi la kliniki tukamkuta jirani, mjane wa rafiki yake Mzee, nyumba ya pili kutoka kwetu. Kasikia yote. Yule masikio yake hayana mlango. "Hata mimi yalipanda, shemeji. Nikayashusha kwa chakula tu. Nitakuletea uonje."

Nani kamwomba?

Alhamisi, 6 Februari

Nimemchemshia Mzee samaki na kabichi. Bila kitu, kama daktari alivyotaka. Kala kidogo akaweka kijiko. Ni kama kutafuna soksi, kasema. Soksi safi lakini — kaongeza upesi, nisikasirike. Nimekasirika.

Jioni huyo jirani, hodi hodi, bakuli la bati mkononi, kifuniko cha buluu. Maharage yenye karoti na nyanya na majani sijui ya wapi. Mzee kala mpaka bakuli likalia. "Kweli, mchele mmoja, mapishi mengi," kasema.

Mchele upi? Yalikuwa maharage!

Jumapili, 9 Februari

Mzee kanyoa ndevu. Jumapili, haendi popote, hakuna mgeni. Nikamuuliza kulikoni. Anasema zinawasha.

Baadaye hodi ikapigwa. Ndevu zilijua.

Jumatano, 12 Februari

Sasa imekuwa desturi. Jirani analeta bakuli mchana akitoka sokoni, mimi nikipasha jioni. Mimi! Nimekuwa mpasha viporo ndani ya jiko langu. Na Mzee hataki nimpakulie kwenye sahani yetu, anataka ale humo humo bakulini, eti joto halipotei. Sahani zetu zina matundu?

Kumsema simsemi. Mwembamba, sawa. Anacheka vizuri, sawa. Jino moja la mbele limepishana na lingine na bado anacheka bila kuziba mdomo. Mimi meno yangu yamekaa sawa kama askari na hakuna anayeyatazama.

Leo walikaa barazani kwenye meza ya kazi ya Mzee. Anamwonyesha saa ya mkononi ya marehemu mumewe, anavyoifungua, vile vigurudumu vidogo. Jirani anasema, "Kumbe ndani kuna mambo hivi, shemeji!" Mimi nimeviona vigurudumu hivyo maisha yangu yote. Nimefagia vilivyodondoka. Hakuna aliyenionyesha.

Jumanne, 18 Februari

Nitaandika kwa sababu hakuna wa kusoma. Niliishia darasa la nne, mwandiko wangu hata mimi unanisumbua, sembuse mwizi.

Leo nilikuwa napasha yale maharage. Nikayaonja. Hayana ubaya — lakini hayana kitu! Yamepoa ulimini kama maneno ya mtu anayeogopa kugombana. Nikamfikiria Mzee. Toka mwezi huu uanze hakuna hata tone la jasho langu lililopita kinywani mwake. Anakula mkono wa mwingine, anashiba mkono wa mwingine, analala kwangu.

Nyuma ya sufuria kubwa kuna kopo langu la samli. Binti alinikuta nalo wiki jana akasema, "Mama, litupe." Sikulitupa. Mtu anatupa samli?

Nikatia kijiko. Kimoja tu. Ikayeyuka, ikanukia jiko zima, nikafungua dirisha. Halafu nikarudisha kila kitu bakulini, nikafunika na kifuniko chake cha buluu. Mimi nami niwemo. Basi.

Jumatano, 19 Februari

Nacheka au nalia?

Jana Mzee kala akafumba macho. Kafumba macho! Leo asubuhi kamsubiri jirani dirishani. "Shemeji, jana ulifanya nini? Nimekula chakula kisicho na mafuta, kitamu kama cha harusi. Una mkono wewe!"

Jirani kaona haya, kaangalia vidole vyake. Eti labda ni kitunguu.

Kitunguu! Ile ni samli YANGU! Mkono ule ni WANGU! Na siwezi kusema. Nimejifunga mdomo kwa kamba yangu mwenyewe, nikakaza fundo kwa meno.

Jumamosi, 1 Machi

Kijiko kimekuwa viwili. Ningeacha jana. Lakini juzi nilipoacha Mzee kasema, "Leo jirani kachoka nini." Kwa hiyo nikiacha namkosea Mzee, nikitia namsifisha yule. Haya, mtu afanye nini?

Na kwani samli inaua? Mama yangu aliila mpaka akaota nywele nyeupe na zikaanguka. Yule mtoto wa kliniki ana vitabu. Mimi nina watu niliowalisha, na wote walirudi kesho yake.

Alhamisi, 13 Machi

Wameanza kutembea. Asubuhi, mpaka kituo cha basi na kurudi. Daktari kasema mazoezi, wenzangu wamepata ruhusa. Jirani kaniambia, "Twende sote, dada." Nikamwambia nina kazi. Kisha nikakaa kwenye kiti bila kazi, nikawahesabia dakika kwenye saa ya ukutani. Saa ya Mzee haikosei, hiyo ndiyo shida yake.

Wamerudi wanacheka. Nikauliza kichekesho ni nini. "Ah, mbwa fulani tu," kasema Mzee.

Mbwa gani anachekesha hivyo? Aletwe na mimi nimwone.

Wanasema wivu unakondesha. Mbona gauni langu linabana?

Jumapili, 30 Machi

Binti kapiga simu. Baba anasikika mchangamfu, anasema. Mama, umshukuru sana yule jirani, anamwokoa Baba.

Nikamwambia nitamshukuru. Nikaona simu yenyewe ina uchungu, nikaizima.

Jumanne, 15 Aprili

Mzee alisimama katikati ya ngazi. Mkono kifuani. Nilikuwa chini na kikapu, nikamwona, yeye hakuniona. Alishika ukuta akafumba macho — vile vile anavyofumba akila. Kisha akaendelea kupanda.

Nikamuuliza tulipofika juu, una nini? Hana kitu. Mwongo.

Leo sikutia. Nilishika kijiko nikakirudisha. Mzee kala nusu.

Jumatano, 16 Aprili

Kashinda akinung'unika. Mtu mzima analia chakula kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Jioni nimetia kidogo. Ncha ya kijiko.

Si kidogo.

Jumatatu, 28 Aprili

Majibu.

Yamepanda. Hayakushuka hata chembe, yamepanda! Daktari katazama karatasi, katazama Mzee, kaitazama tena karatasi. Anauliza, baba, unakula nini? Mzee anajibu kwa kifua mbele: maharage, mboga, shayiri asubuhi, samaki wa kuchemsha, na kutembea. Kila siku, daktari, muulize mke wangu.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kichwa kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia.

Daktari kasema basi, kuna watu miili yao yenyewe inatengeneza mafuta, chakula peke yake hakiwatoshi. Kamwandikia dawa. Na kamwandikia hospitali kubwa wakapime moyo, kwa sababu ya kile kifua. Mzee anashuka ngazi za kliniki kwa kushika reli. Alikuja bila kushika.

Jirani alikuwa anasubiri getini. Kusikia tu, machozi. "Nimekosea wapi, shemeji? Mimi yalishuka! Nilikupikia kama ninavyojipikia." Anajipiga kifuani. Na Mzee — Mzee mgonjwa! — ndiye anayembembeleza. Usilie, si kosa lako, mwili wangu tu mkaidi.

Nilisimama pembeni na mkoba wa karatasi za hospitali. Mtu akitutazama angedhani yule ndiye mke, mimi nimewasindikiza tu.

Jumanne, 29 Aprili

Leo jirani kaleta kwa kisufuria. Nimepasha bila kitu. Kabisa. Kopo nimelisukuma nyuma zaidi, nikaweka na kinu mbele yake.

Mzee kaonja, kaweka kijiko. "Jirani kavunjika moyo. Chakula hakina ladha tena, kimebaki kama mwanzo."

Kama mwanzo. Kwa hiyo miezi yote hii aliyemfumbisha macho kwa utamu ni mimi. Mimi! Nilitaka kupiga vigelegele. Halafu nikamwona anavyopumua, bega linapanda na kushuka wala hajabeba kitu. Vigelegele vikanigeuka kooni.

Nilipotaka kuliosha bakuli la juzi sikulikuta. Kila siku mimi ndiye ninayeliosha, kwa maji ya moto, mara mbili, nasugua mpaka chini. Juzi usiku wa kuamkia majibu sikuwa na akili, nililiacha juu ya meza. Nikamuuliza Mzee. Kalirudisha mwenyewe kwa jirani jana asubuhi, kabla ya kliniki, nami nikiwa bafuni. Halikuoshwa? Halikuoshwa. "Nilitaka tu nikusaidie," kasema. "Umekuwa na uso wa uchovu, mke wangu."

Toka lini ananisaidia? Kati ya siku zote!

Na asubuhi ilikuwa ya baridi. Samli huganda.

Jumatano, 30 Aprili

Kaja. Hakupiga hodi barazani kama kawaida, kaja mlango wa jikoni. Mzee alikuwa mbele kwenye meza yake, na ile miwani ya jicho moja ya mafundi saa, anaichokonoa saa.

Jirani kaweka bakuli mezani kwangu. Kafunua. Chini kumeganda, nyeupe na manjano, nene kama mshumaa. Kapitisha kidole, kakinusa, kanionyesha.

"Dada. Hii ni samli."

 Nilikuwa na majibu mengi ya kumtukana, nimeyaweka akiba tangu Februari, yaliyonolewa. Badala yake macho yalinikimbilia kwenye kinu. Alinitazama bila hasira. Ingekuwa hasira ningeijua namna ya kuishika. Alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake kaanguka barabarani nguo zikafunuka.

"Mimi mume wangu alikufa kwa moyo," kasema polepole. "Nilikuwa namkaangia kila siku. Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nikakimbilia kumlisha wako. Si kingine, dada. Si kingine."

Hapo Mzee akaingia, miwani ingali jichoni. Kuna nini huku, mbona mnanong'ona kama wezi?

Nikafungua mdomo. Ninaapa niliufungua. Lakini jirani alikwisha funika bakuli, kofi moja, kifuniko cha buluu kikakaa. Akasema, "Nimekuja kuomba radhi, shemeji. Kosa ni langu. Nilikuwa natia samli kidogo maharage yapate ladha. Nilidhani kidogo haidhuru."

Mzee kaitoa miwani jichoni. Kisha kacheka! "Nilijua! Nilisema mimi, mkono ule si wa bure. Ah, shemeji. Binadamu ni kukosea. Umenipikia kwa moyo, nikukasirikie kwa lipi? Yamekwisha." Kampigapiga begani.

Nikaona kwa macho yangu. Msamaha wangu. Uso ule mpole, sauti ile, mkono ule begani — vyote vilikuwa vyangu mimi, vya kosa langu, na kapewa yeye! Utamu wangu alikwisha uchukua. Sasa na ubaya wangu kauchukua. Mwanamke huyu haniachii kitu!

Akaaga. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Kuanzia leo dada atapika mwenyewe. Anajua." Bakuli hakulichukua.

Sasa niko jikoni. Bakuli liko mbele yangu, limefunikwa. Maji ya moto yanachemka, sabuni ipo. Nikiliosha yamekwisha, kama Mzee alivyosema. Yule hatasema kamwe, namjua sasa. Nitachemsha samaki, nitajifunza yale majani yake, Mzee atanisifu mimi, na kila akinisifu atamkumbuka mjane wa watu aliyemtilia samli akamsamehe.

Nimelinyanyua niliingize kwenye maji. Nimeliweka chini. Nimelinyanyua tena.

Mzee anaita kutoka mbele. "Mama, mbona kimya huko? Leo tunakula nini?"

Nimemwambia asiinuke, asipande wala asishuke, akae hapo hapo. Naja mimi. Kalamu naiweka chini, bakuli nitalibeba kwa mikono miwili, na kifuniko nitakiacha hapa jikoni.