Koili Nne Juu ya Sinia

Ijumaa, mchana. Jua linachoma, hakuna hata upepo wa kutikisa kanga kwenye kamba, na mtaa wote kimya kwa sababu wanaume wako msikitini.

Nina jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nipo chumbani kwangu, naliandika kwenye simu. Baba akilala mchana, huwa nafungua boneti ya gari lake na kuangalia ndani. Sichokonoi kitu. Naangalia tu nyaya zinavyotoka hapa kwenda pale, na harufu yake naipenda. Wenzangu darasani wana siri za wavulana. Siri yangu mimi ni injini.

Haya, nimeshasema.

Gari lenyewe ni la zamani, la kukodisha. Linabeba ufuta kutoka Kiranjeranje, linabeba wagonjwa, linabeba maharusi. Kabla ya gari hili Baba alikuwa kibarua kisiwani Songo Songo, na mimi nililelewa na Shangazi, dada yake, ambaye tunaishi naye mpaka leo. Miaka ile nilimjua Baba zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Gari likiwaka, Baba yupo nyumbani. Hesabu yangu ni hiyo tu.

Sasa haliwaki vizuri. Linamisi: linatetemeka kama mtu mwenye homa, likifika mlimani linaishiwa nguvu. Kila Fundi Seifu akifungua anakuta koili imekufa. Koili ni kile kidude kinachokaa juu ya plagi na kuipelekea moto, na gari letu linazo nne. Inabadilishwa moja, tunakaa siku chache, inakufa nyingine. Fundi anasema spea za siku hizi ni feki. Shangazi anasema ni husda ya majirani. Kafukiza ubani humo ndani mpaka viti vikanukia kama chumba cha mzazi, na gari likaendelea kumisi vilevile.

Wiki iliyopita lilizima likiwa limembeba bi harusi kwenda Mtanda, kule Lindi. Akina mama wakashuka kusukuma na sare zao za harusi. Mmoja akapiga kigelegele, akapaza sauti: "Bwana harusi mwambieni atangulie kulala, mke anakuja kwa miguu!" Wakacheka wote. Baba naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa kiti cha nyuma, niliiona shingo yake ilivyokaza.

Juzi Baba akasema basi, amechoka nalo. Kesho asubuhi anakuja mtu kutoka Lindi kulinunua, akalikate auze spea. Na ameshampigia simu msimamizi wake wa zamani kule kisiwani, kuomba kazi.

Mimi najua kinachoua koili.

Ni Baba.

Kila Ijumaa asubuhi huosha gari kabla ya kuwapitia wazee wa mtaani kuwapeleka msikitini. Na haoshi nje tu. Anafungua boneti, anaimwagia injini ndoo nzima ya maji mpaka ing'ae. Kwake yeye injini chafu ni sawa na mtu kuvaa kanzu ya pasi juu ya miguu yenye tope. Lakini maji yale ni ya kisima chetu, na kisima chetu ni cha chumvi, tunafulia na kuoshea vyombo, hatunywi. Mipira inayoziba shingo za koili imezeeka, imepasuka. Maji yanapenya, yanatuama kwenye mashimo ya plagi. Moto uliotakiwa kwenda kwenye plagi unakimbilia kwenye maji. Koili inahangaika mpaka inaungua. Ndiyo maana haifi Ijumaa. Inakufa Jumapili au Jumatatu, wakati hakuna anayeikumbuka ndoo.

Kwamba maji ya chumvi yanapitisha umeme nilifundishwa darasani, kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza ningekuandikia kurasa mbili. Baba hajui Kiingereza. Na mimi kusema jambo zito kwa Kiswahili, uso kwa uso, tena na mtu mzima, ulimi unaniganda. Shuleni nina lugha mbili. Nyumbani wananiita bubu.

Leo asubuhi nilisimama kati yake na gari.

"Shikamoo Baba. Usimwage maji kwenye injini."

"Marahaba. Sogea, utalowa."

"Yanaingia kwenye plagi. Ni ya chumvi, ndiyo yanaua koili."

Shangazi alikuwa barazani anapepeta mchele. Akauweka ungo chini. "Hee! Leo bubu kanena! Na la kwanza kulinena ni kumfundisha baba yake kuosha gari!"

Baba hakucheka. "Mwanangu, hili gari naliosha tangu uko darasa la tatu. Kama ni maji, lingeshakufa zamani."

"Zamani mipira ilikuwa mizima."

"Nani kakwambia?"

Hapo nilitakiwa kujibu: nimeiona mwenyewe. Lakini hapo ningelazimika kuitoa siri ya boneti. Akanisogeza kwa mkono, taratibu tu, akamwaga ndoo. Alitaka auze gari likiwa safi.

Wazee hakuwapitia leo. Aliogopa lisije likazima nao njiani. Ameenda msikitini kwa miguu, pindo la kanzu kaliinua kidogo lisishike vumbi.

Alipokata kona nikachukua spana namba kumi chini ya kiti chake. Boliti ya kwanza niliifungua huku nikichungulia kona. Ya pili sikuchungulia. Nimezichomoa koili zote nne. Mashimo yote yana maji, na kwenye shingo za koili kuna ukoko mweupe kama wa sufuria la maji ya kuoga. Mashimo matatu nimeyakausha kwa kitambaa nilichokizungusha kwenye kijiti cha mshikaki. Koili nimezifuta na kuzipanga juani juu ya sinia.

"Utauawa leo," Shangazi kaniambia.

"Sawa."

"Na sinia langu la pilau!"

Shimo la nne sijaligusa, na sitaligusa. Anayebisha achovye kijiti alambe.

Sijui kama gari litapona. Koili iliyoungua imeungua, na mipira mipya lazima itafutwe. Lakini halijarogwa, na sikubali likatwe vipande kwa sababu mimi ni mtu wa aibu. Baba akitaka kurudi kisiwani, arudi kwa kupenda kwake. Asirudi kwa sababu ya ndoo ya maji.

Nasikia ndala zake uani. Zimesimama penye gari. Shangazi anaeleza kwa sauti ya juu, kuhusu sinia, kuhusu spana, kuhusu mimi. Kisha nasikia kijiti kikigonga chuma, halafu Baba anatema mate.

Sasa ndala zinakuja huku kwangu. Siku nyingine simu ningeshaigeuza kifudifudi kitandani na kujifanya nimelala. Leo naiacha wazi, mwanga wote. Akitaka asome tangu mstari wa kwanza.

Zimefika mlangoni.

Baba huwa ananiita kutoka uani, kwa sauti. Leo anapiga hodi.

Karibu, Baba.