Maneno Yaliyoshikana

Homa Bay, Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, na mvua imekataa kunyesha. Nami niko vivyo hivyo.

Leo Kiingereza changu kimekubaliwa redioni. Sijisikii vizuri.

Kwa miaka mingi nilisoma matangazo ya vifo kwa Dholuo, lugha yetu Wajaluo. Kazi ile ina sheria moja: kila jina lisimame peke yake. Marehemu, wake, wakwe, kijiji. Ukiharakisha, kuna shemeji kule Ndhiwa atakayelalamika hakutajwa. Nilipohamia habari za Kiingereza, nilikwenda na mwendo uleule.

Mhariri mpya, binti wa Nairobi, hautaki. Ripoti yangu ya shimo la dhahabu lililobomoka Masara ameirudisha mara kadhaa.

"Mzee, unasoma kama mwalimu anayeita rejista," alinicheka kwenye simu. "Unganisha! Ukishindwa, nampa mwingine aisome."

Nikajifunza. "Out of it" si maneno matatu tena, ni pumzi moja: autavit. "And" inabaki n tu. T ya "last night" inamezwa. Nimewasikiliza wenye lugha kwa makini, na ndivyo wasemavyo. Si uvivu. Sisi huipa kila silabi haki yake. Wao hukanyaga ndogo ili kubwa zisikike.

Mchana akaniandikia: "Sasa umeiva, mzee." Ripoti ikarushwa.

Nikampigia Min Owino, yaani mama yake Owino, kijana aliyefia shimoni. Waandishi wengine aliwafukuza. Mimi alinikaribisha kwa sababu sauti yangu ndiyo iliyotangaza kifo cha mumewe. Kiingereza hajui, ila aliahidi kusikiliza nikimtaja mwanawe.

"Umesikia, mama?" nilimuuliza kwa Dholuo.

"Nimesikia mgeni fulani akikimbia tu. Nikangoja uje wewe. Mbona hukuja, wuoda?"

Mwanangu, ananiita.

"Yule alikuwa mimi, mama."

Nyuma yake kuku walilia.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilizima."

Niliwahi kuripoti mafuriko, uchaguzi, miili ikitolewa ziwani, na sijawahi kukosa sentensi hadi leo.

Nilipokata simu nilijifungia studio, nikaisoma ripoti upya kwa mwendo wangu wa zamani, nimpelekee yeye peke yake. Nilifika kwenye jina la Owino, nikajikuta nimeliunganisha na neno lililofuata.

Nikarudia. Likashikana tena.