Uliyomwambia Njeri Jumamosi

Babu,

Wiki ya tatu hii tangu tukuzike, na bado nimekununia. Nimejaribu kuacha, imenishinda.

Nani alikuogesha miaka minne? Mimi. Nani alitoka kwake Adelphi Jumatatu mpaka Ijumaa, theluji au mvua, akaja mpaka kwako Gaithersburg kukupikia uji wa shayiri? Mimi. Njeri, yule Mkenya, mhudumu mwenzangu, alikuwa na shifti ya Jumamosi tu, na chai yenyewe alikuwa anakupa imeshapoa.

Siku ile nilikueleza kwamba kwetu Tanzania marehemu husomewa wasifu wake kabla ya kuzikwa. Ukacheka, ukasema, "Wangu andika wewe, nikiwa hai, nikusahihishe." Tukaandika. Jinsi ulivyoingia jeshini Ujerumani una miaka kumi na tisa, ukapewa ndege ya kivita hujajua vizuri hata kutua. Vita vilipokwisha Wajerumani mkakatazwa kuruka, ukawa unajenga nyumba za watu. Baadaye jeshi jipya la anga likakuita, likakuleta Marekani kujifunza ndege za jeti, mwisho ukapangiwa ubalozini hapa Washington, ukaoa, ukabaki. Nilikuuliza vitani uliangusha ndege ngapi. "Mbili. Andika mbili, twende mbele." Nikaandika.

Basi nikasimama mazishini nikasoma, najiona ndiye mwenye mtu. Binti yako akashukuru, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Njeri akainuka. Akasema ndege ya pili haikuwa ya adui. Ilikuwa ya Kurt, rafiki yako mliyekaa naye chumba kimoja kambini. Ulimpiga ndani ya wingu ukidhani ni Mwingereza, na uliporudi kuruka baada ya vita, kila ukiingia mawinguni ulikuwa unamwita. Binti yako akalia, akamkumbatia Njeri. Mimi nimeshika karatasi zangu tatu kama mwanafunzi aliyefeli.

Niliumia, Babu. Si kwa ajili ya Kurt, Mungu anisamehe. Niliumia kwa sababu anajua yeye na mimi sijui. Nikamfuata kwenye maegesho ya magari, nikamuuliza kwa ukali alikupa nini mpaka ukamwambia. Akanijibu taratibu, "Dadangu, mimi alikuwa ananiona mara moja kwa wiki. Wewe ndiye wa kila siku. Aliogopa utaanza kumwangalia vingine."

Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Miaka minne, Babu, na hukunijua? Ungeniambia Jumatatu, Jumanne ningekuja saa ile ile, ningekukata kucha, ningekugombeza kwa kubakiza uji.

Nakuahidi hivi: wasifu wako nitauandika upya, na Kurt atakuwemo. Njeri atanisimulia yote, hata ikibidi nimkaribishe kwangu nimpikie pilau. Wivu bado ninao, usidhani umeisha.

Kwaheri, Babu. Pumzika sasa. Ningekuangalia vilevile.

Rehema