Kaseti Tisa za Amuri

Jumatatu, 4 Septemba 1989

Umeme umechelewa tena. Badala ya saa kumi na mbili jioni umekuja saa moja kasorobo, na saa mbili kamili wamekata. Nilikuwa mto wa tatu. Mchezo wa mtumbwi wa kwenye televisheni una mito minane, na mashine ya michezo ikizimwa haikumbuki kitu. Keshokutwa, zamu yetu ya umeme ikirudi, nitaanza mto wa kwanza, kama kawaida.

Nimepanga kaseti zote za michezo juu ya kabati. Nane. Ndege, farasi, karate, ukuta wa matofali, na nyingine ambazo hata sijaelewa natakiwa kufanya nini. Hakuna niliyoifikisha mwisho. Mashine aliileta mdogo wangu Amuri kutoka Ubelgiji, likizo yake ya mwisho hapa Kindu, miaka mitatu sasa. Tangu siku hiyo haji yeye, zinakuja kaseti.

Mama ameuliza kutoka kwenye mkeka wake, "Inaisha?"

Bado, mama.

Jumatano, 6 Septemba

Nimeacha mtumbwi, nimejaribu ndege. Nilidhani ni fupi. Si fupi. Saa mbili, giza.

Ninajua kinachoniuma. Siku Amuri anaondoka, mama alimshika mkono pale uwanja wa ndege, hataki kumwachia. Yeye akacheka, akamwambia, "Mama, siku yaya atamaliza hata muchezo moja, mimi niko njiani kurudi." Alikuwa ananitania mimi, yaya wake, kaka mkubwa. Nyumbani wote wanajua mimi ni mtu wa kuanza: nyumba nusu, bustani nusu, masomo nusu. Wote tulicheka. Mama hakucheka. Aliachia mkono.

Jumamosi, 9 Septemba

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Tumefyeka majani kwenye reli. Wiki ya tatu sasa bila gari moshi, na majani yamekuwa marefu kuliko watu wa chama waliokuja kutuhesabu. Mimi ni fundi umeme wa vichwa vya treni. Sina kichwa hata kimoja kinachotembea.

Nikiwa narudi, Papa Kambale ameniita dukani kwake. Yeye ni mtu wa Butembo, mizigo yote ya ndege inapita mikononi mwake. Amenipa bahasha. Ndani kaseti ya tisa na kikaratasi: "Salimia mama." Basi. Maneno mawili.

Nilitaka kuitupa mtoni Lualaba. Nimeileta nyumbani. Mama ameipapasa, ameinusa, amenirudishia. Macho yake yote mawili yalifunikwa na mtoto wa jicho kabla mashine haijafika, kwa hiyo michezo yote anaijua kwa masikio. Nikiweka kaseti anaitaja kabla picha haijatokea. Mwisho wa mchezo ataujua pia, kwa sababu utakuwa na wimbo ambao hajausikia. Hapo siwezi kumdanganya.

Jumatatu, 11 Septemba

Hakuna umeme kabisa. Wanasema mazutu ya jenereta ya mji imekwisha.

Mama hakula ugali. Vipande viwili vya samaki mkavu amevifunga kwenye kitambaa, kama anavyofanya kila wiki. Vya Amuri. Feza, mke wangu, huvitoa kimyakimya vikianza kuoza na kuweka vingine.

Jumatano, 13 Septemba

Nimepata njia. Ni aibu kwamba sikuiwaza mapema, mimi fundi.

Karakana ina betri zinazokaa bure. Nimeazima moja, nikaisukuma kwa mkokoteni hadi kwetu Mikelenge, chini ya gunia. Mashine inakula umeme wa betri. Televisheni peke yake inakula wa mtaa. Saa mbili kasoro dakika mbili nimesimamisha mchezo mwanzoni mwa mto wa nne. Wamekata. Televisheni imekufa, lakini taa nyekundu ya mashine inawaka bado. Mtu wangu wa mtumbwi yuko humo ndani, amesimama na kasia lake, ananingoja mpaka Jumamosi.

Nimefurahi. Naandika kwa sababu si jambo la kila siku.

Ijumaa, 15 Septemba

Feza amekasirika, ameniambia: "Papa Mwamini, ile betri njo ya kazi, haiko ya muchezo. Wakikuuliza utasema nini?" Mama akajibu badala yangu: "Umuache. Anatafuta mudogo wake."

Feza amerudi jikoni.

Jumamosi, 16 Septemba

Mto wa nne. Wa tano. Sijawahi kufika hapa. Mama ametega sikio, amesema, "Huu wimbo siujui." Nimesimamisha mlangoni mwa mto wa sita.

Jumatatu, 18 Septemba

Wa sita umekwisha. Wa saba umekwisha, kwa uhai mmoja tu uliobaki. Nimesimamisha mwanzo wa mto wa nane.

Kisha nimefanya ujinga. Mama aliuliza kama kila siku, na badala ya kusema bado nikasema, "Jumatano, mama. Jumatano inaisha."

Amekaa kitako. Amemwomba Feza amtafutie kitenge cha sikukuu.

Jumanne, 19 Septemba

Papa Kambale mwenyewe amekuja hadi karakana na barua. Kurasa tatu. Amuri hajawahi kuandika kurasa tatu.

Ameoa. Ana mtoto wa kike, ana mwaka sasa. Amepata karatasi za kukaa. Anasema huku kwetu hakuna kitu cha kumrudisha, nami nikitazama karakana yangu siwezi kumbishia. Mashine yake ya huko ameuza, kaseti ya tisa ndiyo ya mwisho. Anasema hajawahi kumaliza hata moja, ndiyo maana alinitumia. Halafu chini kabisa: "Yaya, usimwambie mama."

Nimesoma nimekaa juu ya reli. Sikulia. Nilihisi baridi, na jua lilikuwa kali.

Barua nimemwonyesha Feza peke yake. Amesoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Nje mama alikuwa anamwita amsuke nywele.

Jumatano, 20 Septemba

Umeme umekuja saa kumi na mbili kamili. Siku zote unachelewa, leo umewahi.

Mama hakukaa kwenye mkeka. Amekaa kwenye kiti, karibu na goti langu, kitenge cha sikukuu, nywele zimesukwa, mkononi kile kitambaa cha samaki. Feza alisimama mlangoni. Nilitaka mtumbwi upinduke. Nilicheza vibaya makusudi na bado haukupinduka. Mito saba niliyopita ilikuwa imenifundisha kukwepa kila jiwe.

Nimeona lango. Jeupe, linafunguka polepole. Limebaki pigo moja la kasia. Mama ameshika mkono wangu pale juu ya vitufe, kama alivyomshika Amuri uwanjani.

Nimenyoosha mguu nikang'oa waya wa betri.

Wimbo umekatika. Televisheni imebaki nyeupe, inakwaruza kidogo. Nimeizima.

"Umeme inaenda, wamekata?" mama ameuliza.

Balbu ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Feza aliitazama, akanitazama mimi.

"Inaenda, mama," Feza amesema.

Mama ameachia mkono wangu. Tumekaa hivyo watatu, taa inawaka, mpaka walipokata kweli.

Alhamisi, 21 Septemba

Nimerudisha betri karakana. Hakuna aliyeuliza.

Kaseti tisa ziko juu ya kabati. Nimezifuta vumbi. Ya mtumbwi nimeiweka mbele.

Mama ameamka vizuri, amekunywa chai. Kitenge amekivua, amemwambia Feza akikunje vizuri, kitahitajika. Kisha ameuliza kama Jumamosi nitaanza tena. Nimesema ndiyo, mto wa kwanza.

"Haizuru, si kitu," amesema. "Na Amuri iko mbali bado."