Mlango Usiopitisha Machela

Machi 3

Mdogo wangu,

Salamu. Jino limepoa? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachemka.

Leo wauguzi wamejaribu kuingiza machela kwenye wodi tuliyojenga. Haipiti! Mlango umepungua sentimita ishirini. Bosi kafungua mfumo wetu wa ramani kwenye kompyuta, na humo imeandikwa kwamba mimi, msimamizi, niliidhinisha badiliko hilo mwezi uliopita, tarehe saba, saa nne asubuhi. Saa nne nilikuwa juu ya paa. Neno langu la siri unalo wewe tu. Sema.

Kaka yako


Machi 5

Kaka, shikamoo.

Jino bado linanisumbua. Ndiyo, nilibonyeza mimi. Lakini usinifokee kama mtoto. Nani alinipa neno la siri akisema, "Niidhinishie, mikono yangu ina saruji"? Miaka miwili nakuidhinishia, sifa za wepesi unapokea wewe. Mhandisi aliupunguza mlango kwenye ramani, timu nzima tukaona. Nikadhani kapima.

Mdogo wako


Machi 6

Mdogo wangu,

Pole na jino. Kukupa neno la siri ni kosa langu, nimelimeza. Lakini timu gani hii? Watu kumi na mmoja, macho kodo kwenye skrini, kila mmoja akidhani mwenzake kapima, na hakuna hata mmoja aliyeshika futi! Eti tunashirikiana. Tunashirikiana kutazama!

Bosi kanisimamisha kazi hadi kikao cha Ijumaa. Simama useme kwa kinywa chako.

Kaka yako


Machi 14

Kaka, shikamoo. Watoto hawajambo?

Kusimama nilishindwa. Kabla ya kikao niliingia kwenye akaunti yako kwa neno lako la siri, nikaandika chini ya ramani: "Aliyeidhinisha ni mimi, mchoraji." Bosi akasoma, akacheka. "Akaunti ni ya msimamizi. Kajiandikia mwenyewe ajisafishe." Kisha akanigeukia: "Au ni wewe kweli, dada?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Hapana."

Nisamehe, kaka.

Mdogo wako


Machi 16

Mchoraji,

Jino lako sikuulizi.

Barua ya kunifukuza imefika. Kabla hawajaifunga akaunti, nimeingia mara moja. Ramani sikuigusa, wala maneno yako. Nimebadilisha neno la siri tu. Lilikuwa jina la marehemu mama. Nisingeweza kumwacha humo.

Aliyekuwa msimamizi